Sangara Asiye na Magamba

Weka hilo kopo chini kwanza. Ndiyo, wewe, uliyekwisha kuchokonoa kifuniko kwa bisibisi hata chuma chenyewe hujakitazama. Rangi haikimbii. Keti hapo kwenye ndoo nikueleze mambo mawili matatu, halafu utapaka mpaka mkono uchoke.

Dukani watakuambia rangi hii ya mafuta inazuia kutu. Ni kweli, tena imeandikwa hapo kwenye kopo. Lakini kuzuia si kufukuza. Mwizi akiwa ameshaingia sebuleni, ukifunga mlango kwa nje umemsaidia nani? Nyie vijana mnapaka juu ya kutu, geti linang'aa wiki mbili, mnapiga picha mnatupia mtandaoni, masika yakifika rangi inavimba kama andazi. Kisha mnasema rangi ya siku hizi ni feki.

Mimi naitwa Adela. Wengi huniita Ma Adela, kwa kuwa ni Mhaya wa Bukoba, nilikuja Mwanza kwa meli nikiwa msichana na sanduku la bati. Niliolewa na rangi kabla sijaolewa na mume, na kusema kweli rangi ilinivumilia zaidi. Nimestaafu, magoti yamekataa ngazi, lakini macho hayajastaafu. Nikipita Mkuyuni nikaona nondo za dirisha zimepakwa hovyo, natamani kugonga mlango nimwulize mwenye nyumba fundi wake ni nani. Binti yangu huniambia, "Mama, ipo siku watakufungulia mbwa." Wafungue tu.

Kazi nilifundishwa na Mzee Masalu, Msukuma mmoja aliyekuwa akipaka maboti na matangi ya maji. Mafundi wengine walinicheka, mwanamke juu ya ngazi! Yeye hakucheka wala hakunitetea, alinipa brashi ya waya. Nadhani nilisugua dirisha lile moja mpaka nikaliota. Mfukoni alikuwa na kitambaa cheupe, sijui alikuwa anakifua saa ngapi. Ukisema umemaliza, anakuja kimya, anakipitisha juu ya chuma. Kikitoka chekundu, anakitikisa mbele ya pua yako na kuondoka zake. Siku kilipotoka cheupe alisema, "Sasa, ng'wana wane, tunaweza kuanza." Ng'wana wane ni mwanangu kwa Kisukuma. Waitu, kama tusemavyo Wahaya tukishangaa, nilidhani nimemaliza!

Basi hicho kitambaa ndicho shule yangu. Brashi ya waya kwanza, msasa baadaye, kitambaa mwisho. Kikipita salama ndipo unapaka ile rangi ya chini, nyekundu ya matofali, inayoshikana na chuma. Iache ikauke kabisa. Rangi yenyewe ipake nyembamba, kisha nyembamba tena. Ukiimwaga nene kwa haraka ya kwenda nyumbani itatiririka, na hayo machozi yatakaa hapo yakikusema mpaka utakapozeeka. Na asubuhi usipake kabla hujagusa chuma kwa mgongo wa mkono. Huku kwetu karibu na ziwa chuma kinaamka kikiwa na jasho, na rangi ya mafuta haikai juu ya jasho.

Usizimue kwa petroli pia. Nimewaona mafundi wakifanya hivyo. Petroli inaua mng'ao, na fundi anayevuta sigara inaweza kumuua na yeye.

Na rangi ya mafuta haikauki kwa sababu wewe una haraka. Kisesa nilimpakia mzee mmoja mfugaji lango la zizi, rangi ya bluu, bluu hasa ya kupendeza. Nikamwambia, "Mzee, mifugo isipite hapa mpaka kesho." Akasema amesikia. Jioni ng'ombe wamerudi, nani wa kuwafungia nje? Dume lake kubwa jeupe, lenye nundu, likaona lango jipya, likaona bora lijikune. Likajikuna ubavu mzima. Kesho yake napigiwa simu, mzee anafoka, "Fundi! Njoo ufute ng'ombe wangu!" Alitaka nilioshe dume kwa tapentaini. Nikakataa katakata, tapentaini inaunguza ngozi, ya ng'ombe na ya mtu. Basi dume likatembea na ubavu wa bluu mpaka manyoya yalipobadilika. Watoto walilifuata barabarani. Lakini mwaka ule wezi walipopita kwa majirani hawakuligusa lile, maana ungelipeleka mnada gani na lisitambulike? Mzee akaja mwenyewe kunisalimia na kuku mkononi, akaniuliza kama naweza kupaka na madume mengine. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa hayo yote unaweza kujifunza popote, hata Dodoma. La Mwanza ni hili. Mzee Masalu kabla ya kufungua kopo alikuwa anatazama ziwa. Ukiona moshi umesimama juu ya maji na hakuna meli inayopita, ule si moshi. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanapanda kutoka majini kwa mawingu, hasa mwezi ukiwa mchanga. Upepo ukiwaleta mjini wanafuata taa, na wakikuta rangi mbichi karibu na taa, wanatua wote na hawaondoki. Ndiyo maana fundi wa hapa aliyefundwa anatembea na vyandarua vikuukuu. Ukimaliza kupaka unakifunika kitu chako, chandarua kisiguse rangi, na unawaambia wenye nyumba taa ya nje wasiwashe. Ukisahau moja kati ya hayo, pole.

Nimesema hivyo ili uelewe habari ya geti la Mama Kulwa. Wengi wenu mmeliona, lile la sangara, kule Mkuyuni upande unaoelekea ziwani. Mnalipiga picha. Hamjui liliponea wapi.

Mume wa Mama Kulwa alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza geti lile kwa mikono yake, bati nene, na katikati sangara wa chuma mrefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, mkia juu, mdomo wazi. Samaki mzuri sana, ila hakuwa na magamba. Alikuwa laini kama sufuria. Mtaa mzima ukamtania: "Fundi, huyu ni sangara au kambale?" Maana kambale ndiye asiye na magamba. Na yeye kila mara alijibu vilevile: "Magamba nitaweka nikipata nafasi." Alitaka kukata kipande kimoja kimoja na kukichomelea. Nafasi haikupatikana. Aliugua, akafariki, wakati mapacha wake Kulwa na Doto wako sekondari.

Miaka ikapita, kutu ikaingia. Doto akapata mchumba kutoka Ukerewe, na wakwe wakatuma habari kwamba Jumamosi wanakuja kuleta posa. Pacha wake, Kulwa, akaja kutoka Dodoma anakofanya kazi kusimamia shughuli. Kijana mzuri, mwenye adabu, ila alilitazama geti akaona aibu. Akaagiza jipya kwenye karakana moja kule Mkolani, la maua na mikuki ya dhahabu juu. La zamani akalipangia watu wa vyuma chakavu na mkokoteni wao.

Mama Kulwa alikuja kwangu akitembea kwa miguu, na jua lile. Hata maji hakunywa.

"Ma Adela, sikuombi lingine. Baba yake hayupo kumtoa Doto. Nataka angalau mkono wake uwepo pale mlangoni wageni wakiingia."

Nilikuwa nimeshaacha kazi, magoti haya haya. Nikachukua begi langu.

Kulwa alinipokea vizuri, "Shikamoo Mama," nikamwitikia, kisha akaanza hesabu zake za kisomi kwamba chuma kimeshachoka. Nikakigonga kwa nyundo sehemu zote. Kikalia. Kilioza chini tu, kwenye ukingo unaopigwa na maji ya mvua, na pale fundi wa jirani angeweza kuweka kiraka. Baba yake hakuwa mtu wa bati jepesi.

"Nipe mpaka Jumamosi asubuhi," nikamwambia. "Usipolipenda, leta hilo la mikuki yako."

"Sawa, Mama. Lakini Jumamosi asubuhi nikiona aibu, napiga simu Mkolani wanaleta. Wageni wanafika saa nne."

"Na wewe shika brashi ya waya, usinisimamie kama mhasibu."

Hakutegemea hilo. Akavua saa, akashika. Mwanzo alisugua kama anayepiga mswaki. Nikatoa kitambaa cheupe, maana siku hizi ninacho changu, nikakipitisha, nikakitikisa mbele ya pua yake. Akakasirika kidogo. Mara ya pili akakasirika zaidi. Mara ya tatu akacheka, na tangu hapo alisugua sawasawa. Alipofika kwenye samaki aliweka brashi chini. Akaanza kupapasa mistari ya kuchomelea karibu na mapezi.

"Hapa nilikuwa nimemshikia taa," akasema. "Mimi na Doto. Alitukataza tusitazame moto, Doto akatazama, akalia usiku kucha macho yanamwasha."

Nilimwacha asugue.

Rangi ya chini ilikubali. Bati nikalipaka kijani kibichi, mara mbili, nyembamba. Ijumaa mchana nikamalizia na samaki peke yake, rangi ya fedha. Nakuambia ukweli, alipendeza. Kulwa alirudi nyuma hatua kadhaa akatazama, akafuta jasho kwa kiwiko, akasema, "Baba angefurahi." Nikajua nimeshinda. Nikatazama ziwa. Kwa mbali, moshi ulikuwa umesimama juu ya maji, na mwezi ulikuwa mchanga. Nikafunga chandarua juu ya geti lote, nikakivutia nje kwa kamba kisiguse rangi, nikamwita Mama Kulwa na Kulwa nikawaambia wote wawili: kisitolewe, na taa ya nje isiwashwe. Nikapanda bodaboda nikaenda kulala na magoti yangu.

Asubuhi kumekucha tu, simu. Kulwa.

"Mama... njoo. Nimeharibu."

"Umefanya nini?"

"Njoo tu, Mama."

Nilimkuta amekaa kwenye jiwe mbele ya geti, shati limejaa rangi ya fedha. Kumbe jioni ile shangazi zake walifika na basi. Amewapokea, wamekula, na kijana akashindwa kujizuia. Alitaka wamwone samaki wa kaka yao. Akatoa chandarua. Giza lilikuwa limeshaanza, basi akavuta waya, akaning'iniza taa kubwa nyeupe juu ya samaki kabisa, ili wamwone vizuri. Mtu mzaliwa wa Mkuyuni! Dodoma ilikuwa imemsahaulisha. Shangazi walipiga vigelegele, na vigelegele havijaisha, upepo ukageuka.

Kwenye bati la kijani wadudu hawakuwa na madhara makubwa, lile lilikuwa limekauka vya kutosha. Lakini samaki alikuwa mbichi, na taa ilikuwa kichwani pake. Waliganda juu yake toka mdomoni mpaka mkiani, wamelala mmoja juu ya mwenzake, mabawa chini ya rangi. Kulwa alijaribu kuwafuta kwa shati, akaharibu pezi la chini, akaacha. Afadhali aliacha.

"Tunaweza kumsugua?" akaniuliza.

"Ukimsugua sasa utafika kwenye nyekundu, na rangi nyingine haikauki kabla ya saa nne. Wakwe wataondoka na sangara kwenye mashati yao."

Akatoa simu mfukoni. Alikuwa na machozi, mtu mzima na ndevu zake. "Basi niwapigie Mkolani. Mama asimwone hivi."

Nilisikia uchungu, sikufichi. Si wa rangi. Nilimfikiria yule mama alivyokuja kwangu kwa miguu. Nikachukua brashi kavu laini nikaanza kupangusa wadudu kwenye bati la kijani, ili tu mikono iwe na kazi. Walidondoka vizuri, bati likabaki safi. Huyu samaki ndiye hakubanduka.

Ndipo Mama Kulwa akatoka nje, kanga begani. Kulwa akasimama mbele ya geti kumkinga asione. Mama akamsogeza kwa mkono mmoja.

Alitazama. Jua lilikuwa ndiyo linachomoza upande wa mawe, likampiga samaki ubavuni. Mama Kulwa akaleta kanga mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. Nikasema, eh, tumemuua mama wa watu. Nikamshika mkono.

"Pole, Mama Kulwa. Pole sana."

Akatoa kanga. Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka anashindwa kupumua, na machozi yanatoka humo humo.

"Kulwa," akasema, "mtazame vizuri. Ana magamba!"

Tukageuka. Na mimi niliyekaa na samaki yule tangu nifike sikuwa nimeona. Nilikuwa natazama uharibifu, jicho la fundi lina ubaya huo. Kila mdudu alikuwa amelala na bawa lake chini ya fedha, amepandana na mwenzake, na jua likipita juu yao ulikuwa unaona magamba, madogo madogo, safu kwa safu. Sangara, si kambale tena.

"Alisema atayaweka akipata nafasi," Mama Kulwa akasema. "Mtaa mzima walimcheka." Kisha akalia kweli, na Kulwa akamkumbatia, na mimi nikajifanya natafuta brashi yangu.

Kulwa alipiga simu Mkolani nikiwa nasikia. "Lile geti, mkipata mteja muuzieni. Letu tunalo." Nikarekebisha pezi aliloliharibu kwa shati, nikaweka kibandiko cha "rangi mbichi" hapo tu, na sehemu nyingine yote ya samaki nikaiacha. Wakwe walipofika, mzee mmoja wa Ukerewe, mvuvi wa tangu utoto, alisimama getini badala ya kuingia. Akampapasa sangara kwa kidole kimoja.

"Magamba mengine yote nimeona yanachorwa," akasema. "Lakini magamba haya, aliyeyaweka anamjua sangara. Ni fundi gani?"

"Ni mume wangu," Mama Kulwa akajibu, na wakaingia ndani.

Sasa nisikilize, kwa sababu wewe umeshaanza kutabasamu na kufikiria kuning'iniza taa. Usithubutu. Mdudu chini ya rangi ni mlango wa kutu, Mzee Masalu angenitikisia kitambaa chake hata kaburini. Samaki yule nampitia kila kiangazi. Pale mdudu aliponyofoka napasafisha mpaka kitambaa kitoke cheupe, napaka nyekundu, kisha fedha nyembamba kwa brashi ndogo, nisizibe magamba yaliyobaki. Ni kazi ya upuuzi kabisa, ya kukaa kwenye kigoda nusu siku kwa ajili ya wadudu, na mtu mwingine angenituma nifanye hivyo ningemtukana. Magoti yakikataa kabisa, utakwenda wewe. Ndiyo maana nakufundisha, ulidhani nakupenda bure?

Mara ya mwisho nilimkuta mtoto wa Doto, ameanza kuongea sawasawa juzi juzi tu na ana maswali kibao. Alikuwa amesimama karibu na mimi, anapitisha viganja juu ya samaki, kwenda na kurudi. Bibi yake alikuwa anachambua mboga kizingitini.

"Bibi, magamba haya nani aliweka?"

Nilimtazama Mama Kulwa, nikaacha brashi nimsikie atasemaje. Hakuinua hata kichwa.

"Babu yako," akasema. "Alichelewa kidogo tu."